Daktari wa Upasuaji Anayetafiti Saratani ya Utumbo Mpana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya madaktari walio mafunzoni, wauguzi wa thieta, watu wa maabara na yeyote anayetaka kujua jinsi saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo huo, karibu na njia ya haja kubwa) inavyokua, inavyosambaa, na kazi ya daktari wa upasuaji katika kuichunguza. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako.

Kwa nini daktari wa upasuaji ajiingize kwenye utafiti? Maabara si ina watu wake?

Ina watu wake, na wengi wao wanazijua jeni kuliko daktari yeyote wa upasuaji. Wasichokuwa nacho ni vitu vitatu: uvimbe ukiwa bado na joto la mwili, ufahamu wa mahali hasa ulipokaa na ulichoshikana nacho, na mgonjwa anayerudi kliniki miaka mitano baadaye akiwa mzima au saratani ikiwa imemrudia. Sampuli isiyo na habari hiyo ya tatu ni nyama tu iliyo kwenye jokofu.

Historia inaonyesha hivyo. Mwaka 1889, Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti akajiuliza kwa nini baadhi ya viungo hushambuliwa mara nyingi na vingine huachwa. Jibu lake lilikuwa la mkulima: mbegu hutawanyika kote, lakini huota tu penye udongo unaoifaa. Mpaka leo watafiti wa kusambaa kwa saratani bado wanabishana ndani ya sentensi hiyo. Mwingine ni Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto mjini Boston. Mwaka 1971 alidai kwamba uvimbe hauwezi kupita ukubwa wa milimita 1 hadi 2 bila kujivutia mishipa mipya ya damu. Wengi walimpuuza kwa miaka. Dawa ya bevacizumab, inayozuia mishipa hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, na saratani ya kwanza kuidhinishiwa ilikuwa hii ya utumbo mpana iliyosambaa. Katika jaribio lililoifikisha huko, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 15.6 hadi 20.3.

Saratani hii huanzaje, na huchukua muda gani?

Ngozi laini ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 4 au 5. Seli mpya huzaliwa chini ya vishimo vidogo sana, hupanda juu, kisha hudondoka na kutoka na kinyesi. Mahali penye kuzaana kwa kasi hivyo, makosa ya kunakili jeni hayakosekani.

Kosa la kwanza kwa kawaida huangukia jeni ya APC, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isiendelee kugawanyika. Takriban saratani 8 kati ya 10 za utumbo mpana zina APC iliyoharibika. Seli hazidondoki tena, zinarundikana, na kinatokea kinyama kidogo kiitwacho polipu. Baadaye KRAS huharibika kwenye takriban 40%, kinyama kinakua. Kisha TP53 inakwenda, na hapo ndipo seli hupata ujasiri wa kupenya ukuta. Mfuatano huu ulichorwa na Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins mwaka 1990. Tangu polipu hadi saratani hupita kwa kawaida miaka 10 hadi 15, na polipu nyingi haziifiki safari hiyo kabisa. Huo muda mrefu ndio unaoipa maana kolonoskopi, kipimo cha kamera inayoingizwa ndani ya utumbo mpana: daktari anaondoa kinyama kabla hakijawa ugonjwa.

Kuna njia ya pili, inayohusu takriban 15% ya saratani hizi. Hapa kinachoharibika ni mafundi wa kurekebisha makosa ya kunakili DNA. Wengine huzaliwa na hitilafu hiyo, hali iitwayo Lynch. Kwa wengine, hasa wazee wenye uvimbe upande wa kulia, jeni ya MLH1 hunyamazishwa ukubwani. Uvimbe wa aina hii hujaa makosa kiasi kwamba kinga ya mwili huuona kama mgeni, ndiyo maana dawa za kuamsha kinga huufaa. Mwaka 2022 kituo cha Memorial Sloan Kettering cha New York kiliripoti wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru ya aina hii waliopewa dostarlimab, mojawapo ya dawa hizo, peke yake: uvimbe ulitoweka kwa wote 12.

Kwa mtafiti, somo ni moja. Ukichanganya uvimbe wa kulia na wa kushoto, wa njia ya kwanza na wa njia ya pili, ndani ya kundi moja la "saratani ya utumbo mpana", umechanganya magonjwa mawili na majibu yako yatafutana.

Husambaa kwa njia gani, na kwa nini mara nyingi ini?

Fuata mabomba. Damu yote inayotoka utumbo mpana hupita vena porta kwenda kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Seli iliyong'oka na kuingia kwenye mshipa mdogo wa vena hukutana na ini kama kichujio cha kwanza. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 huwa tayari ana uvimbe wa mbali siku anapogunduliwa, na ini ndilo linaloongoza. Sehemu ya chini ya puru ina mabomba tofauti: sehemu ya damu yake hupita kwenye vena za nyonga hadi vena kuu bila kugusa ini, kwa hiyo saratani ya huko huonekana mapafuni peke yake mara nyingi zaidi kuliko ya juu. Ndiyo maana picha ya kifua haiachwi, hata ini likiwa safi.

Njia ya pili ni limfu, maji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe. Tabaka la juu kabisa la utumbo mpana lina mishipa michache ya limfu, hivyo saratani isiyovuka tabaka hilo haisambai. Ikishavuka kwenda tabaka la chini yake, mlango umefunguka. Tezi za limfu zimejipanga kando ya ateri, kutoka jirani na utumbo hadi kwenye shina la ateri. Daktari anafunga ateri karibu na shina kwa sababu hiyo, wala hafanyi hivyo ili kukata utumbo mrefu.

Njia ya tatu ni kudondoka. Uvimbe uliotoboa utando wa nje wa utumbo humwaga seli ndani ya tumbo, nazo hutua pale maji ya tumbo yanapotuama: chini ya nyonga, kwenye ovari, kwenye pazia la mafuta la tumbo. Njia ya nne, kutambaa kando ya neva, hutajwa kidogo lakini kwenye puru ina uzito wake.

Sasa sehemu iliyowashtua wengi. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba saratani huenda ngazi kwa ngazi: utumbo, tezi, kisha ini. Mwaka 2017 Kamila Naxerova na wenzake wa Boston walichapisha kwenye jarida la Science ulinganisho wa nasaba za seli kwa wagonjwa 17. Kwa 65% yao, seli za kwenye tezi na seli za uvimbe wa mbali zilitoka kwenye koo mbili tofauti ndani ya uvimbe wa kwanza. Tezi iliyoshambuliwa basi ni dalili ya ukali wa ugonjwa kuliko kituo cha njiani. Hilo halimaanishi tuache kuondoa tezi, kwani bila kuzihesabu hatujui nani apewe dawa za kemo.

Je, mkono wa daktari au kisu vinaweza kusambaza saratani?

Swali hili huulizwa kwa mnong'ono, na wengine hukataa upasuaji kwa ajili yake. Kukatwa hakuifanyi saratani "ipate hewa" wala hakuiamshi. Kinachoua ni kuiacha. Ila madaktari wenyewe waliliuliza swali hilo kwa uzito. Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic alipendekeza mwaka 1967 kufunga mishipa ya damu kwanza kabla ya kuugusa uvimbe. Wazo lilivutia. Lakini majaribio ya kulinganisha, la Uholanzi lililochapishwa 1988 na lile kubwa la Japani la baadaye, hayakuonyesha faida ya kutosha.

Kilichothibitika ni jambo lingine: ubora wa tabaka analopita daktari. Bill Heald, wa Basingstoke nchini Uingereza, alieleza mwaka 1982 kwamba puru imezungukwa na mto wa mafuta, mesorektamu, wenye ngozi yake nyembamba, na saratani ndogo hujificha humo hata sentimita kadhaa chini ya uvimbe. Ukitoa puru pamoja na mto wote bila kuuchana, ugonjwa haurudi kirahisi nyongani. Ukiuchana, unaacha mabaki. Mpatholojia Philip Quirke wa Leeds alilikamilisha hilo mwaka 1986 kwa kukata vipande vya puru kama mkate na kupima ukingo wa pembeni. Leo saratani iliyo milimita 1 au chini ya hapo kutoka ukingo huo huhesabiwa kuwa imeugusa.

Siku ya upasuaji, sampuli ya utafiti huchukuliwaje?

Hapa ndipo utafiti mwingi hufia, na hufia kimya. Hutajua mpaka miezi sita baadaye mashine isome RNA, nakala ya kazi ya jeni, iliyooza.

Saa huanza kuhesabu pale ateri inapofungwa, si pale utumbo unapotolewa. Kwenye upasuaji wa matundu madogo, utumbo unaweza kukaa ndani ya tumbo bila damu zaidi ya saa moja baada ya ateri kufungwa. Jeni za msongo na za ukosefu wa oksijeni hupanda, na mtafiti asiyeandika muda ataziita "jeni za saratani". Kwa hiyo muuguzi anaandika nyakati tatu kwenye karatasi moja: ateri kufungwa, utumbo kutoka, sampuli kugandishwa. Kati ya ya pili na ya tatu lengo ni dakika 30 au pungufu.

Utumbo ukitoka, usiutumbukize kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na usiuache kwenye taa. Weka kwenye beseni safi juu ya barafu, ukiwa na mfuko kati yake na barafu ili maji yasiulowanishe. Mpatholojia, au mtu aliyemruhusu, ndiye anayeufungua. Unafunguliwa upande usio na uvimbe. Sampuli huchukuliwa kutoka ndani, kwenye kingo hai za uvimbe. Katikati mara nyingi kumekufa na kuoza. Ukichukua hapo unapata usaha na bakteria. Usiguse kabisa sehemu ya chini kabisa ambako uvimbe unakutana na ukuta na mafuta, maana hapo ndipo mpatholojia anaposoma hatua ya ugonjwa. Mgonjwa akipewa hatua isiyo sahihi kwa sababu ya kipande chako cha utafiti, huna cha kumwambia. Uvimbe ukiwa mdogo, wa takriban sentimita 1 au pungufu, au ukiwa umeyeyushwa na mionzi, usichukue chochote.

Vipande viwe vya nusu sentimita. Kimoja kwenye kichupa tupu, kigandishwe kwa naitrojeni ya maji, kisha jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Kimoja kwenye myeyuko wa kuhifadhi RNA, kikiwa na unene usiozidi nusu sentimita, vinginevyo myeyuko haufiki katikati. Kimoja kwenye fomalini ya 10% yenye chumvi za kutuliza asidi, ujazo angalau mara 10 ya nyama, saa 6 hadi 72. Ukizidisha siku nyingi, DNA hukatikakatika. Kingine kwenye maji ya lishe baridi kwa ajili ya kuotesha seli. Chukua pia kipande cha ngozi ya kawaida ya utumbo, sentimita 5 au 10 mbali na uvimbe, na damu. Bila kipande cha kawaida huwezi kusema ni kosa gani mtu alizaliwa nalo na lipi lilitokea kwenye uvimbe.

Kabla ya kugandisha, kata ukingo mwembamba uangaliwe kwa darubini. Vipande vinavyoonekana kwa macho kuwa saratani mara nyingi vina seli za saratani chache, zilizobaki ni nyuzi za kovu na seli za kinga.

Tezi 12 ni za nini?

Mpatholojia anatakiwa kupata tezi zisizopungua 12 ili mgonjwa asemwe kwa uhakika kwamba hana saratani kwenye tezi. Zikipatikana 5 na zote ziko safi, hatujui kama ni safi kweli au hazikutafutwa. Zinapopungua, warudi kwenye mafuta wazitafute tena kwa vidole. Nyingi ni ndogo kuliko punje ya mtama. Wagonjwa waliopigwa mionzi wanaweza kuwa na tezi chache kwa haki, kwa sababu zimesinyaa.

Na damu? Nasikia sasa saratani inatafutwa kwenye damu.

Uvimbe hudondosha vipande vya DNA yake kwenye damu. Ukivikuta wiki chache baada ya upasuaji, kuna mabaki mahali fulani, hata kama picha ni safi. Jaribio la DYNAMIC la Australia, lililochapishwa 2022, lilitumia kipimo hicho kwa wagonjwa 455 wa hatua ya pili, yaani ambao saratani haijafika kwenye tezi: waliopewa dawa za kemo walikuwa 15% badala ya 28%, bila saratani kurudi kwa wengi zaidi.

Kwa vitendo: mililita 10 kwenye kichupa cha EDTA, kinachozuia damu isigande, zizungushwe kwenye mashine ya kutenga damu (sentrifuji) ndani ya saa chache, kabla seli nyeupe hazijapasuka na kumwaga DNA ya kawaida inayofunika ile ya saratani. Kama kituo kiko mbali, tumia vichupa maalumu vinavyozituliza seli kwa siku kadhaa. Zungusha mara mbili: kwanza taratibu kutenga plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, kisha plazma yenyewe kwa kasi kubwa kuondoa mabaki ya seli. Usichukue damu ya kutafuta mabaki wiki ya kwanza baada ya upasuaji; kidonda chenyewe humwaga DNA nyingi. Wiki ya 4 na kuendelea ndiyo inafaa.

Seli huoteshwaje nje ya mwili?

Njia mbili. Ya zamani ni seli zilizozoea chupa, kama HCT116 au HT-29. Jozi ya SW480 na SW620 inapendwa kwa utafiti wa kusambaa kwa sababu zote zilitoka kwa mtu mmoja, ya kwanza kwenye uvimbe wa utumbo, ya pili kwenye tezi ya limfu. Tatizo la seli hizi ni kwamba huibiana majina: chupa zikichanganyika, wenye kasi humeza wengine. Pima utambulisho wa DNA unapozipokea na kabla ya kuchapisha, na pima maikoplazma kila mwezi. Bakteria huyo haonekani kwa macho, hachafui maji, lakini hubadili kila kitu unachopima.

Njia mpya ni organoidi, utumbo mdogo uliooteshwa ndani ya tone la jeli. Maabara ya Hans Clevers nchini Uholanzi ilifungua njia mwaka 2009 kwa utumbo wa panya, na 2011 kwa saratani ya binadamu. Sampuli ya utumbo inakuja na bakteria wake, kwa hiyo ioshe mara nyingi kwa maji baridi yenye dawa za kuua bakteria na kuvu. Jeli huganda ikipata joto, hivyo kila kitu, hata ncha za pipeti, kiwe kimepozwa. Ukichelewa sekunde chache inaganda ndani ya pipeti. Ukiisaga nyama kupita kiasi seli hufa. Ukiiacha mabonge, katikati hukosa chakula. Kuna ujanja mzuri: seli za kawaida zinahitaji kulishwa Wnt na R-spondin, protini zinazochochea seli kugawanyika, ilhali saratani yenye APC mbovu haizihitaji. Ondoa viungo hivyo viwili kwenye lishe, na kilichobaki hai ni saratani. Uvimbe wenye hitilafu ya kurekebisha DNA na APC nzima waweza kufa kwa ujanja huohuo, basi uweke chupa moja yenye viungo vyote.

Panya wanatumikaje, na wanadanganya wapi?

Ukichoma kwa sindano seli za saratani chini ya ngozi ya panya, uvimbe unakua vizuri na hauendi popote. Unafaa kupima dawa, si kusambaa. Ukichoma kwenye bandama, seli hupita vena porta hadi ini ndani ya wiki chache. Hiyo inapima nusu ya pili tu ya safari, kwa kuwa seli hazikulazimika kutoroka utumbo. Ukichoma kwenye ukuta wa mwanzo wa utumbo mpana, safari inakamilika, lakini mkono wako ukimwaga tone moja nje, panya atakuwa na saratani tumbo zima na utaandika kwamba imesambaa. Hapo ustadi wa thieta unasaidia kweli: sindano nyembamba, ujazo mdogo sana, subiri kabla ya kuichomoa, futa kwa pamba. Panya maarufu wenye APC mbovu hupata polipu kwenye utumbo mwembamba, wala si mpana, na karibu kamwe hazisambai. Miaka mingi ya utafiti imekaa juu ya panya huyo, na msomaji anapaswa kulikumbuka hilo.

Denis Burkitt alikuwa sahihi kuhusu nyuzinyuzi?

Alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, kwanza Lira kisha Mulago, Kampala, mwenye jicho moja tu baada ya ajali ya utotoni. Dunia inamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake, alioueleza mwaka 1958. Mwaka 1971 aliandika kuhusu saratani ya utumbo mpana na puru: watu wa vijijini Afrika wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hupata choo kikubwa na cha haraka, na saratani hii kwao ni adimu.

Sehemu yake imesimama. Tafiti kubwa za kufuatilia watu, kama ile ya nchi za Ulaya ya 2003, ziliona walaji wa nyuzinyuzi wakiugua kidogo. Lakini majaribio mawili ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2000, la kubadili mlo na la kula pumba za ngano, hayakuzuia polipu kurudi. Jibu lenye kuelimisha zaidi lilikuja 2015: Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana mlo kwa wiki mbili, na dalili za kuzaana kwa seli na za uvimbe-joto kwenye utumbo zilibadilika pande zote mbili. Dona, maharage na mboga za majani si dawa ya saratani. Ila chakula cha mjini kinachoziondoa mezani kina gharama, na mwaka huohuo wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama ya viwandani, kama soseji, kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika.

Kuna watafiti wa upasuaji waliobadili tiba ya leo?

Angelita Habr-Gama wa São Paulo aliuliza swali lililomfanya aonekane mzushi: kama mionzi na kemo vimeuyeyusha uvimbe wa puru kabisa, kwa nini tumkate mtu na kumpa mfuko wa choo wa maisha? Mwaka 2004 aliripoti wagonjwa 265, ambao 71 hawakuonekana na uvimbe wiki 8 baada ya matibabu, wakafuatiliwa bila kukatwa. Rejista ya kimataifa iliyochapishwa 2018 ilionyesha kwamba uvimbe huota tena kwa takriban mmoja kati ya wanne, kwa wengi ndani ya miaka 2 na karibu wote kwenye ukuta uleule wa puru. Kwa hiyo njia hii inafaa tu pale mgonjwa anaweza kurudi kila miezi mitatu kuangaliwa kwa kidole, kamera na MRI. Pasipo hivyo ni kumtelekeza.

Anna Martling wa Karolinska, Uswidi, aliongoza jaribio la aspirini miligramu 160 kila siku kwa miaka 3 kwa wagonjwa waliokwisha kukatwa wenye hitilafu kwenye njia ya PI3K, mfululizo wa ishara za ukuaji ndani ya seli. Matokeo ya 2025 yalionyesha saratani ikirudi kwa takriban nusu ya kiwango cha waliopewa kidonge bandia. Bila kipimo cha jeni hujui kama wewe ni mmoja wao, na aspirini humwaga damu tumboni. Usijianzie.

Nikiwa Tanzania, Kenya au Uganda, njia ya masomo ikoje?

Udaktari ni miaka 5 Tanzania na Uganda, 6 Kenya, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Halafu ubingwa wa upasuaji, ama MMed (shahada ya uzamili ya tiba) ya chuo, ama njia ya chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu, COSECSA, ambayo ni miaka 2 ya uanachama na 3 ya ubingwa. PhD huongeza miaka 3 au 4. Swali kubwa ni lini uifanye. Katikati ya mafunzo ya ubingwa ndiyo nzuri zaidi: umeshajua maswali ya wadi, na bado hujawa na kliniki yenye foleni. Ukisubiri baada ya ubingwa, mshahara na familia vitakuvuta.

Ukirudi kazini, linda siku mbili za utafiti kwa maandishi kutoka kwa mkuu wa idara. Ahadi ya mdomo hufa wiki ya kwanza yenye wagonjwa wa dharura wengi.

Vibali?

Kamati ya maadili ya taasisi yako kwanza. Juu yake, vyombo vya kitaifa vya kusimamia utafiti: Tanzania Bara ni NIMR, Zanzibar ni ZAHRI, Kenya ni leseni ya NACOSTI, Uganda ni UNCST. Sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji pia mkataba wa kuhamisha sampuli. Andika ndani yake nani anamiliki data na nani atakuwa mwandishi. Ukiacha, utabaki kuwa msafirishaji wa barafu.

Hospitali yetu haina jokofu la nyuzi 80. Tuache?

Hapana. Maswali mazuri kabisa ya saratani hii yamejibiwa kwa fomalini, nta na subira. Cuthbert Dukes wa St Mark's, London, alitengeneza mfumo wake wa hatua mwaka 1932 kwa puru zilizokatwa na kufuatilia wagonjwa; hakuwa na jeni hata moja. Na nyenzo hizo mnazo. Hesabuni tezi za kila mgonjwa, pimeni ukingo wa pembeni kwa milimita, hesabuni vichipukizi, yaani vikundi vidogo vya seli za saratani vilivyojitenga kwenye ukingo wa uvimbe: 0 hadi 4 ni kidogo, 5 hadi 9 ni wastani, 10 na zaidi ni vingi, katika uwanja wa darubini wa milimita za mraba 0.785. Pakeni rangi za protini nne za kurekebisha DNA mjue uvimbe wenye hitilafu ya kurekebisha DNA. Kisha pigeni simu. Chukua namba tatu: ya mgonjwa, ya ndugu, ya jirani au mjumbe wa mtaa. Utafiti ambao nusu ya wagonjwa hawajulikani walipo haupimi saratani, unapima nani ana nauli.

Makosa gani ya uchambuzi hujirudia?

Kuhesabu muda wa kuishi kuanzia siku ya upasuaji kwa kundi moja na siku ya kugunduliwa kwa lingine. Kuwaondoa waliokufa ndani ya siku 30 bila kusema. Kupima jeni 20,000 kwa wagonjwa 15 na kushangilia zilizojitokeza. Na kulinganisha waliopewa dawa za kemo na wasiopewa kana kwamba walichaguliwa kwa kura, wakati daktari aliwapa wenye nguvu.

Mimi ni mgonjwa. Nikikubali kutoa sampuli, upasuaji wangu utabadilika?

Hautabadilika. Kinachochukuliwa ni sehemu ya kile kilichokwisha kutolewa, baada ya mpatholojia kupata chake, pamoja na vichupa vichache vya damu. Uulizwe kabla ya siku ya upasuaji, kwa lugha unayoielewa, na si ukiwa umelala kitandani ukisubiri nusukaputi. Ukikataa, foleni yako haibadiliki. Majibu ya utafiti kwa kawaida hayarudi kwa mtu mmoja mmoja, isipokuwa ikionekana hitilafu ya kurithi kama Lynch, ambayo watoto na ndugu zako wangehitaji kuijua. Uliza kama fomu inasema utaambiwa. Nakala moja ya fomu ni yako. Iweke pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu namba ya sampuli iliyoandikwa juu yake ndiyo itakayotumika siku ukitaka kujitoa.